Pasipoti Ndani ya Bitana

Siku mbili nzima Mungai hakushona kitu kikashoneka. Jumatatu alimkatia mke wa mwalimu gauni, mkono mmoja ukatoka mfupi kuliko mwenzake. Jumanne alijidunga sindano mara tatu, na mara ya tatu hakujua mpaka alipoona damu kwenye kola ya watu. Sasa ilikuwa Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, pale kwenye veranda ya duka la Mhindi, Dagoretti Corner. Koti la kijivu lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma ya cherehani, limepigwa pasi, limekwisha. Mungai alikuwa ameligeuzia mgongo.

"Bado hujaamua," alisema Ephantus, fundi viatu aliyekaa upande wa pili wa veranda na misumari mdomoni.

"Kuamua nini?"

"Mimi si mtoto, bwana. Tangu juzi ulipokifungua kile kitabu, uso wako umekuwa kama wa mtu aliyelamba gundi yangu."

Mungai alizungusha gurudumu la cherehani bila kitambaa. Kile kitabu kilikuwa pasipoti ya Lornah, na Lornah ndiye msichana aliyemfanya mtu mzima wa miaka ishirini na minane akate mikono ya gauni kombo.

Jumatatu asubuhi Isaiah, kaka yake Lornah, alikuja na koti mkononi na pasipoti imefungwa kwenye kitambaa cheupe kama mkate wa kanisani. Isaiah alikuwa karani wa reli, viatu vyake viling'aa hata siku za tope, na hakuwa amempa Mungai mkono hata siku moja. Kisa? Dada yake anakwenda kusomea ukunga Uingereza miaka mitatu, na huyu Mkikuyu wa Riruta ni fundi wa verandani. Kwao Lornah ni kule magharibi, mbali, lugha nyingine, desturi nyingine. Angekuwa na uwezo, koti angelipeleka kwa fundi mwingine yeyote, lakini Lornah alikataa katakata.

"Ishone ndani ya bitana, upande wa moyo," Isaiah alikuwa amesema. "Ndani ya treni kuna masikio na mikono. Isionekane, isitoke mpaka afike Mombasa. Na kazi yako ni kushona, fundi. Si kusoma."

Ee, basi, mtu aliyekatazwa kusoma atafanya nini? Mungai aliifungua. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kuiona picha ya Lornah tu. Aliiona, akaitazama mpaka macho yakamlowa, akageuza ukurasa. Na hapo akakutana na maandishi ya mkono, wino mweusi, yaliyosema kwamba pasipoti hii mwisho wake ni tarehe tisa Machi 1959, isipokuwa iwe imeongezwa muda. Haikuwa imeongezwa.

Alihesabu kwa vidole. Treni ya Mombasa ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na sita Februari. Meli ilikuwa Jumamosi. Baharini ni wiki tatu. Pasipoti ingekufa Lornah akiwa katikati ya maji, kama si pale pale Mombasa wenye meli wenyewe wamwambie mama, shuka, rudi kwenu.

Na kosa lilikuwa la nani? La wote, na halikuwa la mtu mbaya. Pasipoti ile Lornah aliipata mwaka 1954, memsahib wake, bibi Mzungu wa Karen, alipokwenda likizo Uingereza naye akaenda kama yaya wa watoto. Aliporudi, Isaiah aliichukua, akaifunga kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku chini ya Biblia pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nafasi ya chuo ilipokuja, waliitoa, wakalitazama jalada. Buluu imekoza, maandishi ya dhahabu hayajafutika hata herufi moja. "Mpya kabisa!" Isaiah akasema, na wote wakamshukuru Mungu. Mtu huyu huyu kazini kwake humshusha abiria kwa tiketi iliyopitwa na siku moja! Lakini tiketi ni ya watu. Hii ilikuwa ya nyumbani, imetunzwa, nani angefikiri kitu kilichotunzwa hivyo kinaweza kuharibika?

"Sikiliza," Ephantus alisema, akitema misumari kiganjani. "Uliambiwa ushone. Umeshona. Wakimrudisha, watakuwa wamemrudisha wao, si wewe. Nafasi itapita, kaka mtu atanywea, na wewe utakuwa na mke kabla ya mvua za pili. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe! Wewe ni mtu wa kusahau. Mke wa mwalimu bado anangoja mkono wa gauni lake."

Na tusimwonee Mungai, maana ukweli ni kwamba alitaka kunyamaza. Alitaka kwa moyo wake wote. Jana jioni aliiweka ile pasipoti ndani ya bitana, akashona mishono midogo midogo, mizuri kuliko yote aliyowahi kushona, na kila mshono ulikuwa ukisema baki, baki, baki.

Lornah aliteremka kwenye basi saa nne kasorobo. Alikuwa na kitambaa cha manjano kichwani na hatua zile za haraka zilizomfanya Mungai amtambue kutoka mbali hata barabara ijae watu. Mungai alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Habari za kazi, mafundi?"

"Njema tu," Ephantus alijibu, kisha kwa ghafla akakumbuka kwamba ana kazi ya kununua tumbaku upande wa pili wa barabara.

Mungai alimvisha koti. Alilinyoosha mabegani, akafunga kifungo cha juu, na vidole vyake vikagusa shingo yake kidogo. Lornah alikuwa akimtazama kwa macho yale makubwa, tulivu, ambayo Mungai alikuwa ameshindwa kuyakwepa tangu siku ya kwanza alipoleta sare zake za uyaya zipunguzwe kiuno.

"Upande huu mzito," Lornah alisema, akiweka mkono kifuani. "Ndipo ilipo?"

"Ndipo."

"Basi nimemaliza kila kitu. Sanduku tayari. Kesho saa kumi na mbili jioni, treni." Alingoja. "Mungai, watu wote wameniaga. Mama ameniandikia barua, mchungaji ameniombea, hata memsahib ameniombea. Wewe tu hujaniambia niende."

"Nenda."

"Nenda! Hivyo tu? Kama unafukuza kuku kwenye mahindi?"

"Unataka niseme nini, Lornah? Miaka mitatu! Nikikwambia moyo wangu unafurahi nitakuwa mwongo, na nikikwambia ubaki nitakuwa adui yako. Nikisema lolote ni kosa."

"Sema lililo kweli."

Aliokota futi yake ya kupimia, akaanza kuikunja, akaikunjua.

"Unajua kwa nini nakwenda," Lornah alisema taratibu. "Siendi kutafuta daktari wa kunioa aniweke mjini, ingawa Isaiah ndivyo anavyoota. Nakwenda kwa sababu ya Peres. Dada yangu alilala siku mbili na uchungu wa kuzaa, na katika kijiji kizima hapakuwa na mtu aliyejua kumgeuza mtoto. Nilimshika mkono mimi. Mkono ulipoa nikiwa nimeushika. Wameniandikia kutoka chuoni, tarehe moja Aprili. Nisipofika, kitanda changu anapewa mwingine, na hawaniiti tena. Nimengoja barua ile miaka minne."

"Najua."

"Basi niage vizuri. Isaiah alikuwa na wasiwasi kukuachia pasipoti. Nikamwambia, kitu kikishapita mikononi mwa Mungai, mimi nalala usingizi."

Laiti angemtukana! Mungai aliinamisha kichwa akasema maneno fulani yasiyo na kichwa wala miguu kuhusu Mungu na safari. Lornah alimngoja kidogo zaidi. Kisha alimgusa shavu kwa viganja viwili, haraka, akageuka, akashuka ngazi na koti lake, akavuka kuelekea kituo cha basi bila kuangalia nyuma.

Basi la mjini lilikuwa likija. Mungai aliliona. Aliuona mguu wa Lornah ukipanda juu ya ukingo wa barabara. Dakika moja tu, alijiambia, nyamaza dakika moja tu na imekwisha. Na hapo hapo mkono wake ukashika mkasi.

"Lornah! Lornah! Vua koti!"

Wanawake wa viazi waligeuka. Mzee mmoja akakaza mkongojo wake, tayari kumtetea binti wa watu dhidi ya kichaa mwenye mkasi. Mungai alimfikia akihema.

"Vua, nakuomba. Vua!"

"Una wazimu?"

"Ninao. Vua."

Alilivua. Pale pale kandokando ya barabara Mungai aliigeuza bitana na kuichana kwa mkasi, mishono yake yote mizuri, tratata, akaichomoa pasipoti na kuifungua mahali alipopajua kwa kidole. Lornah alisoma. Alisoma tena. Dereva akapiga honi, kisha akaondoa basi.

"Machi tisa," Lornah alisema. "Machi tisa nitakuwa baharini."

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Mungu wangu! Wangenishusha." Kisha Mungai akaona wazo likimfikia usoni kabla halijafika mdomoni. "Uliiona lini?"

Angesema leo. Neno lilikuwa fupi na lilikuwa tayari.

"Jumatatu."

"Jumatatu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo ni Jumatano. Umenivisha koti sasa hivi. Umenifunga vifungo. Nimekusimulia habari za Peres, nawe umesimama pale ukikunja futi!"

"Nilitaka ubaki."

"Ulitaka nirudishwe kama mzigo usio na mwenyewe!"

"Nilitaka ubaki, Lornah. Nimekosa. Nipige ukitaka, lakini nipige njiani. Ofisi ya pasipoti inapokea maombi mpaka adhuhuri tu, na basi limekwenda."

Ephantus hakuulizwa chochote. Baiskeli yake ilitolewa ukutani, Lornah akarukia nyuma na koti lake limekumbatiwa, na Mungai akakanyaga Ngong Road yote kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Lornah alishika chuma cha kiti. Kiunoni mwa Mungai hakushika. Njia nzima hawakusema neno ila mara moja, walipopita lori, Lornah aliposema, "Haraka."

Karani wa ofisi ya pasipoti alikuwa Mgoa, Mhindi wa Goa, mwenye miwani na mikono safi sana. Aliifungua pasipoti, akaitazama tarehe, akamtazama Lornah.

"Kuongeza muda ni wiki moja, binti."

"Nasafiri kesho, bwana."

"Kila anayekuja hapa anasafiri kesho. Tiketi ya meli iko wapi?"

Tiketi ilikuwa kwa Isaiah. Bila shaka ilikuwa kwa Isaiah, kila kitu kilichotunzwa kilikuwa kwa Isaiah! Wakarudi barabarani, wakakata mitaa hadi ofisi za reli, na huko wakamkuta nyuma ya meza yake. Lornah aliweka pasipoti mbele yake, akaonyesha kwa kidole. Rangi ya Isaiah ilibadilika.

"Haiwezekani. Hii ni mpya."

"Ni mpya nje, kaka. Nipe tiketi."

Isaiah alifungua droo, akatoa tiketi. Ndipo alipomwona Mungai mlangoni, jasho linamchuruzika, shati nje. "Na wewe," alisema polepole. "Wewe uliambiwa usiisome. Uliiona lini?"

Mungai alifungua mdomo.

"Leo asubuhi," Lornah alisema. "Alipokuwa anamalizia. Twende, saa zinakwenda."

Nje, juani, Mungai alisimama akiwa na baiskeli mkononi. "Kwa nini umemficha?"

"Usiniulize," Lornah alisema. "Na usifikiri nimekusamehe. Endesha."

Walifika dakika kumi kabla ya adhuhuri. Karani aliikagua tiketi, akaguna, akatoa fomu. Lornah aliandika haraka, kalamu ikikwaruza. Karibu na mwisho palikuwa na mstari wa kuandika jina la mtu wa kuarifiwa, endapo msafiri atapatwa na jambo, na uhusiano wake na msafiri. Mungai aliuona mstari ule kutoka juu ya bega lake. Kalamu ilifika pale, ikasimama. Kisha ikauruka.

"Njoo kesho saa sita," karani alisema. "Sikuahidi kitu. Mwenye sahihi ni bwana mkubwa, si mimi."

Na Alhamisi ndiyo iliyomzeesha Mungai. Saa sita walikuwa pale watatu, Lornah na sanduku lake, Isaiah na saa yake ya mnyororo, na Mungai pembeni karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kungoja mvua ipite. Saa sita ikapita. Dirisha likafungwa kwa chakula. Saa nane likafunguliwa, na bwana mkubwa alikuwa hajarudi. Saa tisa alikuwa amerudi na ana mgeni. Isaiah alitoa saa mfukoni, akairudisha, akaitoa.

"Nikikosa treni hii," Lornah alisema bila kumwambia mtu, "meli haiwezi kunisubiri."

Mungai alimwona akibana vidole vyake mpaka vikapauka. Siku tatu zilizopita hili ndilo alilokuwa ameliomba! Sasa angetoa cherehani yake, na mkono wa kuzungusha, ili mlango ule wa ndani ufunguke.

Lornah aliinuka, akaja akasimama karibu naye. Hakumtazama.

"Jana sikupata usingizi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na hasira nikakuchukia. Kweli, nilikuchukia. Halafu nikafikiri. Ungenyamaza, ningerudi Jumamosi nikilia, na ningekuja kwako. Ningekuja wapi pengine? Ungenifuta machozi, ningeolewa nawe, na mpaka kufa nisingejua."

"Nililifikiri hilo."

"Najua ulilifikiri. Siku mbili ulilifikiri."

"Lornah, mimi..."

"Nyamaza. Ungeweza, na hukufanya. Isaiah amekaa na kitabu hiki miaka mitano. Hakuna mwingine aliyeniona naelekea shimoni, ila wewe uliyekuwa unataka nitumbukie." Alipangusa jicho kwa ukingo wa kitambaa chake. "Sijui nikuweke wapi, Mungai. Kweli sijui."

"Lornah!" karani aliita dirishani.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Pasipoti ilikuwa mkononi mwake, lakini hakuitoa. Alikuwa akigonga fomu kwa kidole kimoja kisafi.

"Hapa hukujaza. Mtu wa kuarifiwa. Bila hapa, sikupi."

"Andika jina langu," Isaiah alisema, akisogea mbele. "Mimi ndiye kaka yake. Isaiah, wa reli."

Lornah alichukua kalamu. Aliichovya wino, akaandika bila haraka, na karani akasoma kwa sauti kama walivyozoea makarani. "Mungai wa Kiragu. Fundi wa nguo, Dagoretti Corner." Aliinua miwani. "Uhusiano?"

Mungai alisikia saa ya Isaiah ikipiga.

"Mchumba," Lornah alisema, na akaliandika.

Isaiah alikohoa. Akatazama fomu, akatazama dari, akatazama fomu tena. Hakupinga, na kwa Isaiah hilo lilikuwa jambo kubwa. Karani alisukuma pasipoti kupitia dirishani. Muhuri ulikuwa bado mbichi. Isaiah aliiwahi, na safari hii hakulitazama jalada. Aliifungua ndani, akaweka kidole chini ya wino, akasoma kwa sauti tarehe, mwezi na mwaka, mara mbili.

"Machi tisa, sitini na nne. Ni sitini na nne, sivyo?"

"Ni sitini na nne," Mungai alisema.

Kwenye ngazi za nje Lornah alimpa Mungai koti. Bitana ilikuwa ikining'inia kama ulimi. Mungai alitoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, akaketi, akaanza. Isaiah alisimama juu yake kwa muda, kisha akachuchumaa, viatu vyake vinavyong'aa vikiguswa na vumbi, akalishikilia koti ili lisiburuzike.

"Fundi," alisema kwa sauti ambayo Lornah asingeisikia. "Uliiona lini, kweli?"

"Jumatatu, Bwana Isaiah."

Isaiah alitazama mshono wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

"Mimi nilikuwa nayo sandukuni miaka mitano," alisema mwishowe, akampa ncha ya uzi. "Shona. Treni haingoji."

Safari hii Mungai aliitia pasipoti ndani ya bitana bila kuufunga mdomo wake. Aliukunja, akautilia tundu la kifungo, na juu yake akashona kifungo alichokata kwenye shati lake mwenyewe. Lornah alilivaa koti. Aliingiza mkono upande wa moyo, akafungua kifungo, akaitazama pasipoti, akafunga.

"Kinafunguka," alisema.

"Nimekishona kifunguke."

Ndipo alipomshika mkono, hadharani, mbele ya kaka yake na mji mzima. Isaiah alibeba sanduku akatangulia, na wao wakamfuata kuelekea stesheni.